Nilivyotawadha kwa Mungu wa Wheaton

Mungu aliyekuwa akikaa nyuma ya nyumba ya wakwe zangu aliingia Marekani akiwa vipandevipande ndani ya masanduku, na forodhani wakaandika kwamba ni fanicha. Hakuulizwa atakaa muda gani wala nani atamlisha. Mimi niliulizwa hayo yote na afisa wa uhamiaji aliyekuwa akila tufaha, na akaniuliza tena kana kwamba sikujibu. Ndiyo maana tangu nilipokisikia kisa cha mungu yule nimekuwa nikimwonea wivu kidogo.

Kijiji chake, nilivyoelezwa, kilikuwa bondeni huko Japani. Serikali yao ilitaka kujenga bwawa, watu wakahamishwa, bonde likajaa maji. Hekalu la kijiji lilikuwa dogo, la mbao, na la zamani kiasi kwamba hakuna aliyejua lilijengwa na nani. Mzee wa familia iliyolitunza alimwomba mungu ruhusa, akalibomoa ubao kwa ubao, akautia kila ubao alama kwa brashi na wino mweusi, kisha akampelekea mwanawe, mhandisi aliyekuwa akiishi Wheaton. Mhandisi akalijenga upya uani, kati ya banda la mashine ya kukatia majani na uzio wa jirani. Baadaye mhandisi akafa, mjane wake akabaki analitunza. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, akamwoa binti yangu.

Nami sikwenda harusini.

Nalisema hili mapema ili msomaji asinionee huruma pasipostahili. Nilimwambia binti yangu kwenye simu kwamba dini yangu hainiruhusu kukaa kwenye harusi ya mtoto wa Kiislamu na mtu anayepigia makofi sanamu. Kwanza hakuna sanamu. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Pili, dini yenyewe nilikuwa nimeiacha uwanja wa ndege siku niliyofika, pamoja na koti moja ambalo nalo sikurudi kulitafuta. Friji yangu huko Silver Spring, nilikokuwa nikiishi siku hizo, ilikuwa na bia, nusu limau, na mtindi ulioanza kujitegemea.

Sababu ya kweli ni kwamba hakuna aliyekuja kuposa. Niliarifiwa, kama mtu anavyoarifiwa kwamba kesho maji yatakatwa. Mimi nilitaka wazee waje, wakae sebuleni kwangu, wanibembeleze, nikatae kidogo, wanibembeleze tena, halafu nikubali kwa uzito. Nani angekuja? Baba wa kijana alikuwa kaburini, na kijana mwenyewe alidhani kuposa ni jambo la kumwambia msichana mgahawani. Kusema "sijaposewa" mbele ya binti aliyesoma chuo kikuu niliona ni aibu. Kusema "dini" kulisikika vizuri zaidi. Dini haiulizwi maswali.

Basi tukakaa bila kusemezana, mimi na mwanangu, miaka miwili na kitu. Nilikuwa nikiegesha magari ya mawakili kwenye jengo moja mjini, chini kabisa ambako hata redio haishiki, na kazi ile inampa mtu nafasi nzuri ya kujiona ameonewa.

Aliyenipa habari ni mtalaka wangu. Alikuwa akiishi Temple Hills na dada yake, na alikuwa hanipigii simu ila kuna msiba.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hakuna aliyekufa. Una mjukuu. Wa kiume. Kafanana na wewe, maskini."

Nikauliza lini nitamwona.

"Muulize mama yake. Mimi si katibu wako."

Sikumuuliza. Nilisubiri aniulize yeye, maana hata hapo nilikuwa bado nasubiri kubembelezwa. Akanipigia. Binti yangu anasikia Kiswahili chote, hata matusi, lakini alipoanza shule tu aliacha kujibu kwa lugha hiyo. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na ndivyo tulivyozungumza siku zote, kila mtu upande wake wa barabara.

"Baba, Jumamosi tunampeleka mtoto kwenye hekalu, uani kwa mama mkwe. Wajapani humpeleka mtoto kumwonyesha kwa mungu akifikisha mwezi hivi. Mama alishikilia tusubiri arobaini, tukasubiri. Mama mkwe anataka uje."

"Na wewe unataka?"

"Mimi nataka usiharibu."

"Nitampakata?"

"Tutaona."

Niliishi na hiyo "tutaona" wiki nzima. Niliegesha nayo magari. Kuna wakili alinipa ufunguo nikamwambia "tutaona," akashangaa.

Jumamosi ikafika, na suruali ya suti yangu ikakataa kufunga. Tumbo langu lilikuwa limeendelea na maisha bila kuiarifu. Nilichokuwa nacho kingine cha heshima ni kanzu, ambayo kwa wema wake haimuulizi mtu tumbo lake. Nikaivaa, na kofia ya viua juu. Kwenye lifti nikakutana na jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mkenya, mtu tuliyekuwa tukinywa naye bia kila tulipopata sababu na mara nyingi bila sababu.

"Wacha wee! Buda, umekuwa imamu lini?"

"Naenda kumwona mjukuu."

"Hivyo? Si ungevaa tu jinzi kama watu? Sasa mtoto ataona hiyo kanzu adhani ameshakufa." Akacheka mpaka lifti ikafunguka. "Ukirudi upitie kwangu. Kama bado ni halali kwako, lakini."

Nikapanda treni ya mstari mwekundu. Stesheni ya Wheaton iko chini sana, na ngazi yake ya umeme ni ndefu kiasi kwamba mtu anaweza kutubu njiani. Nilipanda nimeikunja kanzu mkononi isinaswe, watu wananitazama vifundo. Nje maua ya miti yalikuwa yamemwaga vumbi la manjano juu ya kila gari, na pua yangu ilianza kuwasha kabla sijavuka barabara ya madukani.

Nilifika saa nzima kabla ya wakati, jambo ambalo halijanitokea kabla wala baada. Nilibonyeza kengele, hakuna aliyefungua. Kumbe wote walikuwa ghorofani wanamvalisha mtoto. Nikaona niende uani nikamsubirie huko mungu wao, tuzoeane.

Kulikuwa na lango la mbao, nguzo mbili na boriti mbili juu, rangi nyekundu iliyopauka, kama goli lisilo na wavu. Mbele yake changarawe, na mwisho wa changarawe hekalu lenyewe: kubwa kuliko friji, dogo kuliko banda la kuku la mama yangu. Paa lake lilikuwa limepinda kwa ustadi, na kwenye mbao za pembeni, ukitazama kwa makini, bado zilionekana zile alama za wino. Milango midogo imefungwa. Na hapa pembeni ya njia, karibu na lango, palikuwa na jiwe lililochimbwa katikati, limejaa maji, na juu ya maji kata.

Kata! Ya mwanzi, yenye mpini mrefu, imelazwa kifudifudi. Sikuwa nimeshika kata tangu Tanga.

Sasa niseme kilichotokea, kwa sababu mtalaka wangu hukisimulia vibaya. Sikuwaza. Mtu aliyelelewa nilikolelewa mimi, akiona birika la maji, na kata, na mlango wa nyumba ya ibada, mkono wake unakwenda wenyewe. Mwalimu wetu wa chuoni, tulikosomea Kurani, alihakikisha hilo kwa fimbo ya mkwaju. Nilikuwa sijui tena sura nyingi kwa moyo, lakini mwili ulikuwa unajua kila kitu. Nikapandisha mikono ya kanzu. Nikanawa viganja. Nikasukutua, nikatema kwenye maua. Nikavuta maji puani, nikapenga, na kwa vile vumbi la manjano lilikuwa limejaa humo, nilipenga kwa nguvu na kwa raha. Uso. Mikono mpaka viwikoni. Kichwa, masikio. Nikavua viatu na soksi, nikapandisha mguu wa kulia juu ya ukingo wa jiwe na kuumwagia, nikiingiza kidole kati ya vidole kama nilivyofundishwa, kisha wa kushoto. Soksi moja ilikuwa imedondoka majini, nikaikamua, na ya pili nikaikamua pia kwa sababu ilikuwa inastahili.

Palikuwa na kamba nene ya majani ya mpunga, imesokotwa vizuri, imefungwa kati ya nguzo za lango, na vikaratasi vyeupe vilivyokunjwa vikining'inia. Nikadhani ni mapambo ya arobaini. Nikaanika soksi, nikarudi kuumalizia mguu wa kushoto.

Nilipogeuka, mguu wa kushoto bado uko juu ya jiwe, niliwaona wamesimama mlango wa jikoni: mjane wa Kijapani, amevaa kimono cha rangi ya majivu, binti yangu, mtoto akiwa kifuani pake, mkwe wangu, na nyuma yao mtalaka wangu, amejitanda mtandio mzuri ambao nilimnunulia mimi.

Wa kwanza kusema alikuwa yeye. "Ala! Na haya umeanza lini?"

"Baba," alisema binti yangu, polepole, kama mtu anayemsemesha mbwa aliyeshika kuku. "Teremsha mguu."

Nikateremsha. Maji ya jiwe yalikuwa yamebaki robo, nayo yana rangi. Mkwe wangu akakimbilia lango, akazitoa zile soksi kwenye kamba kwa vidole viwili, halafu hakujua azipeleke wapi, akabaki amezishika. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kamba ile ndiyo mpaka: huku ni kwetu, kule ni kwa mungu. Mimi nilikuwa nimeanika soksi kwenye mpaka.

Mama yule akasema maneno mengi kwa Kijapani, kwa sauti ya chini. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na mambo mazito alimwachia mwanawe atafsiri.

"Mama anauliza," mkwe wangu akasema, "soksi ni sadaka?"

"Hapana. Zinakauka."

Akatafsiri. Mama akatikisa kichwa kwa makini, kana kwamba nimesema jambo la kina. Akauliza tena.

"Anauliza, kwa nini miguu? Sisi hunawa mikono na kinywa tu."

Hapa ningeweza kusema ni mazoea. Ningesema, samahani, nimejisahau. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Kwetu mtu hasimami mbele ya Mungu na miguu michafu."

Ni kweli. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtalaka wangu akakohoa kikohozi kirefu sana.

Mama yule aliposikia tafsiri aliweka viganja juu ya mapaja, akainama mbele yangu. Hakukasirika! Alikuwa na macho ya mtu aliyeonyeshwa kitu. Nami nikajua kwamba nimepanda cheo, na badala ya kushuka nikarekebisha kofia.

Maji yalibadilishwa, ndoo nilibeba mimi, kutoka jikoni, bila viatu. Kisha mama akatuonyesha wanavyofanya wao: mkono wa kushoto, wa kulia, maji kidogo kiganjani kwa ajili ya kinywa, halafu kata inasimamishwa wima ili maji yaliyobaki yateremke na kuosha mpini kwa ajili ya mtu anayefuata. Mara moja, basi. Udhu wa watu wenye haraka, nikawaza, ingawa hilo la kuuosha mpini lilinipendeza, na kwetu sikuliona. Akatuonya pia tusipite katikati ya lango. Katikati ni njia ya mungu, sisi tupite kando. Niliona ni haki. Mtu akishahamishwa kwa ajili ya bwawa aachiwe angalau njia ya kupita.

Kuhani wao akafika kwa gari la familia lenye kiti cha mtoto nyuma. Alikuwa mzee mstaafu, amekuja kutoka Japani kuwatembelea watu wake, na mama alikuwa amemwomba. Alibadilisha nguo gereji akatoka na joho jeupe na kofia nyeusi iliyofungwa kamba kidevuni. Mama akamnong'oneza. Kuhani akaitazama miguu yangu, akaiinamia.

"Hata miguu yako ina wafuasi," mtalaka wangu akaninong'oneza. "Subiri waje waione friji."

Mtoto alibebwa na mama yule. Desturi yao mama mzaa baba ndiye hubeba. Walimfunika joho dogo la hariri lenye picha ya mwewe, utepe wake ukafungwa nyuma ya shingo ya bibi, na kwa hiyo mtoto akaonekana kama zawadi ambayo bado haijafunguliwa. Nilichokuwa naona mimi ni nywele zake, nyingi, zimesimama wima, na sikio moja. Sikio lilikuwa langu. Sikutoa macho pale.

Kuhani alipunga juu ya vichwa vyetu fimbo yenye vikaratasi, kama mtu anayefukuza nzi kwa adabu. Halafu akaimba maneno marefu, na mkwe wangu akanieleza chinichini kwamba mungu anaambiwa jina la mtoto, wazazi wake, na mahali anapoishi.

"Anwani?" nikauliza.

"Mpaka namba ya nyumba."

Nikamwelewa mungu. Anatafuta watu wake nchi ya ugenini bila anwani, atawapata wapi? Kisha ikaja zamu yetu: kuinama mara mbili, makofi mawili, kuinama mara moja. Nilihesabu kwa uangalifu, nikapiga makofi matatu. La tatu lilitoka peke yake, kubwa, katika ukimya wote ule. Mtoto akashtuka akalia. Binti yangu akafumba macho. Mungu, kama alikuwa amesinzia, basi hakusinzia tena.

Baadaye tukakaa kwenye mikeka iliyotandikwa juu ya majani. Kila mtu aliwekewa kikombe cheupe kidogo sana, na kuhani akapita akimimina pombe yao ya mchele iliyokuwa imewekwa mbele ya mungu. Kunywa funda moja ni sehemu ya ibada. Alipofika kwangu akapita. Mbele yangu mama aliweka, kwa mikono miwili, kikombe cha chai ya shayiri.

"Kwa ajili ya dini yako," mkwe wangu akasema.

Niliitazama chai. Nikatazama pombe. Sitasema uongo, ilikuwa inanukia vizuri.

Ndipo mama yule akaanza kusema. Alimshika mtoto mapajani, macho yake yakiwa kwangu, na mwanawe akawa anatafsiri kipande kwa kipande. Alisema siku ya harusi aliona kiti kitupu akaumia. Alimhesabu baba wa bibi harusi kuwa mtu mkali, mwenye dharau. Binti yangu alipomweleza kwamba ni kwa sababu ya imani, alinyamaza, lakini moyoni hakuamini kabisa. Leo ameona kwa macho yake. Ameona mtu anayeosha hata katikati ya vidole vya miguu kabla ya kusimama mbele ya hekalu la watu wengine. Kwa hiyo anaomba radhi kwa mawazo mabaya aliyoniwazia. Na anaomba, ingawa si desturi, babu huyu amshike mtoto sasa, kabla ya wageni wengine.

Akampa mkwe wangu mtoto, akaweka viganja kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

Nilimtazama binti yangu. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa msichana mdogo, alikuwa ananionea fahari. Uso wake ulikuwa umelegea. Mkwe wangu alikuwa tayari ameninyooshea mtoto, joho na mwewe na vyote.

"Mchukue, unyamaze," mtalaka wangu aliniambia kwa Kiswahili, meno yamefungwa. "Usiharibu."

Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Mikono yangu ilikuwa imeshanyanyuka. Ila mama yule hakuinuka. Nilidhani angeinama na kuinuka kama walivyokuwa wakifanya siku nzima, lakini alibaki vilevile, mgongo umepinda, kisogo chake chenye mvi kinanitazama, anasubiri jibu langu. Mwanamke wa umri wangu, nyumbani kwake, ananiomba radhi kwa kuwa alinidhania kile hasa nilichokuwa.

"Mwambie ainuke," nikamwambia binti yangu. "Mwambie mimi si mtu wa dini."

"Nini?"

"Sijaswali tangu wewe hujaanza shule. Leo ni kata tu, nimeiona nikajisahau. Na ile siku ya harusi yako nilikuwa nyumbani na yule Mkenya wa juu, tunakunywa bia, tunatazama mpira wa kikapu."

Mtalaka wangu akajipiga kofi la paja. "Mwanamume wewe!"

Binti yangu alikuwa ananitazama tu. "Basi kwa nini hukuja?"

"Hakuna aliyekuja kuposa."

"Aliyekuja kufanya nini?"

Sikio lake lilikuwa linajua neno; alitaka nilirudie. Nikarudia. Nikamweleza wazee, sebule, kubembelezwa, kukataa kidogo. Kwa sauti, juu ya mkeka, mbele ya watu waliovaa hariri, lilikuwa jambo dogo mno.

"Ulikosa harusi yangu," alisema, "kwa sababu hakuna aliyekuja kukubembeleza."

"Ndiyo."

Jirani aliwasha mashine ya majani upande wa pili wa uzio. Mkwe wangu, ambaye hajui Kiswahili, bado alikuwa ameninyooshea mtoto, anamtazama mkewe. "Anasema nini?"

Binti yangu alimgeukia mama mkwe wake, ambaye bado alikuwa ameinama, akamwambia kwa Kiingereza chepesi, polepole: "Anasema huwa anakunywa."

Mama akainua kichwa. Akanitazama, akaitazama chai. Nadhani alielewa zaidi ya alivyoambiwa. Sura zetu hazikuhitaji mkalimani. Akakichukua kikombe cha chai, akaimwaga kwenye majani, akanimiminia pombe mpaka juu. Kisha akasema kitu, na mkwe wangu akaanza kucheka kabla hajatafsiri.

"Anasema hata marehemu baba hakuamini. Alipenda kupaka lango rangi tu."

Kuhani naye akacheka. Watu wote walicheka, kasoro mmoja. Binti yangu alisimama, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mumewe, akaingia ndani, na mlango wa wavu ukajifunga nyuma yake taratibu.

Nikanywa. Ilikuwa nzuri, na sikuifaidi.

"Umeridhika sasa?" mtalaka wangu akaniuliza. "Ungempakata kwanza, ukasema baadaye. Hata uongo wako hujui kuumaliza."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo ilikuwa taabu ya ndoa yetu.

Watu wakaanza kukunja mikeka. Kuhani aliitia kofia yake kwenye sanduku lake, akaondoka na gari lenye kiti cha mtoto. Mama yule alifunga vyakula kwenye vitambaa, kila mgeni na chake, na mimi akanipa kikubwa, kwa mikono miwili kama mwanzo. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, navaa viatu bila soksi, maana soksi zilikuwa zimebaki na mkwe wangu na sikuwa na uso wa kuzidai. Nilipanga kuondoka bila kuaga. Katika mambo ya kuondoka nilikuwa na uzoefu.

Mlango wa wavu ukafunguka nyuma yangu. Binti yangu alikuwa ameshamvua mtoto lile joho. Mtoto alikuwa na kifulana tu na miguu wazi, vidole vimekunjamana.

"Nilikutetea," alisema, kwa Kiingereza chake. "Unajua? Mama aliposema wewe ni kichwa maji, nilikutetea. Nilisema, angalau baba ana kitu anachokiamini. Ramadhani baada ya harusi nilifunga. Nilifunga peke yangu, mwezi mzima, nikidhani nitakuelewa."

Hilo sikulijua. Nimekaa nalo miaka yote hii na bado sijapata pa kuliweka. Siku ile, angalau kwa mara moja, sikutunga jibu.

"Sogea," alisema.

Nikadhani anataka kupita. Nikasogea, nikaanza kuinuka.

"Kaa chini." Alilisema kwa Kiswahili. Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa.

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

Nikakaa vizuri, mgongo kwenye ukuta, magoti pamoja chini ya kanzu. Akainama, akamweka mtoto mapajani mwangu, akanipanga kiwiko kwa mkono wake mwenyewe, bila upole. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na wa moto, na akanitazama kwa macho ya mtu wa uhamiaji.

"Sijakusamehe," binti yangu alisema. "Mikono yangu imechoka tu."

"Sawa, mama."

Hakuniamini. Alibaki ameinama pale pale juu yangu, viganja vyake chini ya vyangu bila kuvigusa, tayari kudaka, na mumewe alipomwita kutoka ndani hakuitika.